Moshi wa Mlima na Jina la Jirani

Mara nyingi twasoma habari za watu waliotenda mema, nazo zatutia moyo. Leo naomba ruhusa niwasimulie habari za mtu aliyenyamaza alipopaswa kusema, na mtu huyo ni mimi mwenyewe. Sitafuti huruma. Naandika kwa sababu kosa langu lilinifundisha jambo ambalo wazazi na wanafunzi wa milima yetu yafaa walijue.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika vilima vya Masisi. Anayeijua nchi yetu ajua uzuri wake: malisho ya ng'ombe, mashamba ya maharagwe na viazi, migomba mabondeni, na ukungu wa asubuhi. Upande wa mashariki yasimama milima miwili ya moto, Nyamulagira wenye mita 3,058 na Nyiragongo wenye mita 3,470, na kati ya vilele vyao ni kilomita kama 14 tu. Nyiragongo wajulikana duniani kote, maana mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2021 ulimwaga mto wa mawe yaliyoyeyuka, na mwaka 2002 mto huo ulipita katikati ya mji wa Goma. Nyamulagira hausemwi sana, kwa kuwa kwa kawaida humwaga moto wake porini, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Lakini ni mmoja wa milima inayolipuka mara nyingi kabisa katika Afrika. Tena moshi wake sisi wa Masisi twaufahamu, kwa sababu mara nyingi upepo hutoka mashariki na kuuleta kwetu.

Tarehe 6 Novemba 2011 Nyamulagira ukalipuka. Usiku mbingu ya mashariki ilikuwa nyekundu kama tanuru, na watoto walisimama nje wakishangaa. Baada ya majuma machache shida ikaingia mashambani. Majani ya maharagwe yalipata madoa ya rangi ya kahawia, kisha yakakauka pembeni kana kwamba yameunguzwa kwa makaa. Maji ya mvua tuliyokinga kutoka kwenye mabati yakawa makali mdomoni. Lakini lililotusumbua zaidi ni hili: shamba moja liliungua, na shamba lingine, ng'ambo ya kilima kile kile, likabaki la kijani. Hapo watu wakaanza kuulizana, “Mbona kwangu, wala si kwake?”

Katika kijiji chetu aliishi mama mmoja mjane. Alizaliwa Walikale, kule kwenye msitu mkubwa, akaolewa kwetu, na mumewe alipofariki alibaki na watoto watatu na shamba dogo nyuma ya kilima. Shamba lake halikuungua. Basi wakasema ameleta dawa za msituni. Neno hilo lilianzia mtoni walipochota maji, likafika sokoni, na mwishowe likaingia hata katika mkutano wa shirika letu la Kikristo. Mimi ndimi niliyekuwa kiongozi wa shirika. Sikumshitaki, lakini sikumtetea pia. Nilijiambia ya kuwa maneno ya watu hupita kama mvua. Yeye alinitazama akasema, “Mwalimu, hata wewe usomaye vitabu?” Sikumjibu. Usiku ule watu walitupa mawe juu ya mabati yake, na kabla ya Noeli alifunga mizigo yake akarudi Walikale na watoto. Wawili kati yao walikuwa wanafunzi wangu. Asubuhi nilifungua daftari la mahudhurio, nikaweka alama ya kutokuwapo mbele ya majina yao, nikaendelea na somo.

Mwezi wa Februari mwaka 2012 nilikwenda Goma kwa mafunzo ya walimu. Siku moja alikuja mtaalamu wa milima ya moto kutufundisha. Alitandaza ukutani ramani ya Kivu, na juu ya ramani palikuwa na doa jekundu lililoanzia kwenye milima, likapanuka kupita juu ya Masisi hata kufika upande wa Walikale, kama shuka iliyoanikwa. Tulidhani ni picha ya moto. Akasema, “La, hii ni picha ya gesi ya kiberiti, ile iwashayo pua mtu anapowasha njiti. Wataalamu huiita salfa dioksidi. Picha imepigwa na chombo kinachoizunguka dunia kilomita 705 juu yetu.” Kisha akataja tarehe ya picha. Ilikuwa ya mwezi wa Novemba, katika siku zile zile maharagwe yetu yalipoanza kukauka.

Moyo ulinidunda. Mkutano ulipokwisha nilimfuata nikamweleza habari za mashamba, nisimtaje mtu. Akanijibu kwa upole ya kuwa gesi ile ikichanganyika na unyevu wa hewa huwa asidi, nayo huchoma majani; na kwa kuwa moshi hufuata upepo, vilima vinavyoutazama mlima huupokea wote, bali mahali palipositirika nyuma ya kilima paweza kupona. Nilimwuliza tena, “Bwana, yawezekanaje chombo kilicho mbali namna hiyo kuiona hewa, hali sisi tulio ndani yake hatuioni?” Akaketi nami kwenye baraza, akanieleza. Mengine niliyasoma baadaye, nami nawapeni yote kwa pamoja.

Kila mtoto aujua upinde wa mvua. Rangi nyekundu iko upande mmoja, na upande mwingine, mwisho kabisa, iko rangi ya zambarau iitwayo urujuani. Macho yetu huishia hapo, lakini mwanga hauishii hapo. Mwaka 1801 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Johann Wilhelm Ritter, alipitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu ili kuzitenga rangi zake, kisha akaweka chumvi ya fedha mahali penye giza, ng'ambo ya urujuani. Chumvi hiyo hubadilika kuwa nyeusi ikiguswa na mwanga. Kumbe! Pale penye giza ndipo ilipobadilika upesi kuliko penye rangi zote. Palikuwa na mwanga usioonekana. Mwanga huo ndio tuuitao urujuanimno. Ndio uunguzao ngozi kwenye jua kali, na nyuki huuona hata sisi tusipouona.

Sasa, kila gesi ina tabia yake mbele ya mwanga huo. Ozoni, iliyo juu sana angani, humeza sehemu kubwa ya urujuanimno, na kwa njia hiyo Mwenyezi Mungu amevikinga viumbe vyake. Gesi ya kiberiti nayo humeza, lakini humeza sehemu zake yenyewe. Mwanga wa jua hushuka, hugonga mawingu na ardhi, kisha hurudi juu. Chombo cha angani huupokea mwanga uliorudi, huutandaza kama upinde wa mvua, na kutazama ni wapi mwanga umepungua. Hapo nilikumbuka daftari langu. Mwalimu hajui aliyekosa shule kwa kumwona. Amjua kwa nafasi yake iliyo tupu. Vivyo hivyo chombo hakiioni gesi yenyewe, bali huona nafasi tupu katika mwanga. Kwa kuwa kila gesi ina nafasi zake, mtaalamu aweza kusema, “Aliyepita hapa ni fulani,” na kadiri mwanga ulivyopungua aweza kukadiria wingi wake.

Lakini nafasi hizo mara nyingine hukaribiana, na hapo ndipo penye hatari ya kumshitaki asiye na kosa. Mwezi wa Oktoba mwaka 1978 Wamarekani walirusha setelaiti iitwayo Nimbus-7, ikiwa na chombo cha urujuanimno kiitwacho TOMS. Kazi yake ilikuwa kupima ozoni tu. Mwaka 1982 mlima El Chichón wa Meksiko ulilipuka kwa nguvu, na hesabu za chombo zikaonyesha mambo yasiyoeleweka, kana kwamba ozoni imejaa mno juu ya nchi ile. Mtu mvivu angaliweza kuzitupa hesabu hizo, au kuandika tu kwamba ozoni imezidi. Mtaalamu Arlin Krueger hakufanya hivyo. Alichunguza hata akatambua ya kuwa si ozoni, bali ni gesi ya kiberiti iliyotoka mlimani. Tangu siku zile vyombo vya namna hiyo vimekuwa walinzi wa milima ya moto ulimwenguni. Na Nyamulagira ni mmoja wa milima iliyofuatwa sana: mwaka 2008 wataalamu Gregg Bluth na Simon Carn walitoa kazi nzima juu ya gesi ya kiberiti iliyotoka katika mlima wetu tangu mwaka 1979 hadi mwaka 2005.

Niliposikia habari ya Krueger niliona haya. Yeye alitetea ozoni, kitu kisicho na roho wala machozi, isihesabiwe kazi ya mwingine. Mimi sikumtetea jirani yangu.

Wanafunzi wangu hupenda kuuliza kama kuna milima ya moto katika nyota. Ewe mwanafunzi, ukiamka kwenda Misa ya alfajiri, katika majira fulani waona nyota kubwa inayong'aa kuliko zote. Hiyo ni Zuhura, nayo si nyota hasa, bali ni dunia nyingine iliyofunikwa kabisa na mawingu. Kwa macho matupu mawingu hayo yaonekana meupe tu, lakini kwa urujuanimno michirizi na madoa yake hudhihirika. Mwezi wa Desemba mwaka 1978 chombo cha Marekani kiitwacho Pioneer Venus kilifika huko, na kwa urujuanimno kikaikuta gesi ile ile ya kiberiti juu ya mawingu, nayo mawingu yenyewe ni ya asidi ya salfa. Miaka iliyofuata gesi hiyo ilipungua sana. Kisha chombo cha Ulaya, Venus Express, kilichofika huko mwaka 2006 na kumaliza kazi yake mwaka 2014, kikaona ikiongezeka na kupungua tena. Wengine wadhani ni kazi ya milima ya moto, wengine wadhani ni mwendo wa hewa tu, nao hawajaafikiana. Chombo hicho kilitumia pia njia nyingine: kilitazama nyota iliyo mbali wakati ilipokuwa ikitua nyuma ya Zuhura, na jinsi mwanga wake ulivyofifia katika hewa ya pembeni, kikaigundua hata ozoni kidogo, habari iliyotangazwa mwaka 2011.

Kazi hizi haziwezi kufanywa vema kutoka ardhini, kwa kuwa pazia lile lile la ozoni litukingalo huzuia sehemu kubwa ya urujuanimno utokao mbali. Ndiyo maana vyombo hupelekwa juu ya anga. Tena watu wanaochunguza Zuhura na Mirihi si wageni wa habari zetu. Mjini Brussels, katika nchi ya Ubelgiji, iko taasisi ya elimu ya anga iliyoanzishwa mwaka 1964. Wataalamu wake walishiriki katika vyombo vya Venus Express, nao waongoza chombo kiitwacho NOMAD, kilichofika Mirihi mwaka 2016, ambacho hupima ozoni ya huko kwa urujuanimno. Na katika taasisi hiyo hiyo wako wanaohesabu gesi ya kiberiti itokayo milimani hapa duniani. Hivyo elimu itafutayo habari za Zuhura ndiyo hiyo hiyo ijuayo moshi wa Masisi.

Picha niliyoonyeshwa Goma ilipigwa na chombo kiitwacho OMI, kilichotengenezwa na Waholanzi na Wafini, na kurushwa mwaka 2004. Jicho lake lilikuwa zuri, lakini kila nukta ya picha yake ilifunika eneo la kilomita 13 kwa 24, hata haikuwa rahisi kutenga moshi wa Nyamulagira na ule wa Nyiragongo. Mwaka 2017 kikafuata chombo kingine cha Waholanzi, TROPOMI, ambacho nukta yake ni ya kilomita 3.5 kwa 5.5, nacho hupita juu yetu kila siku karibu na saa saba na nusu mchana.

Hata hivyo, wasomaji, tusikifanye chombo kuwa mungu. Hufanya kazi yake kwa mwanga wa jua, basi usiku hakioni. Mawingu mazito hukificha kilicho chini yake. Nayo mazuku, ile hewa nzito ya kaboni dioksidi inayojikusanya mashimoni karibu na Goma na Sake, ikiua mbuzi na hata watu, vyombo hivyo vya urujuanimno haviioni kabisa. Vifo vya mazuku pia vimesingiziwa uchawi mara nyingi, na hapo hapana picha ya angani ya kumtetea mtu. Hapo hutetewa na jirani mwenye akili na moyo.

Niliporudi kutoka Goma nilikwenda kuungama. Padri alinisikiliza, kisha akanikumbusha mafundisho tuliyoyasoma tangu katekisimu, katika amri ya nane: jina jema la mtu ni mali yake, na aliyelipoteza au kuliacha lipotee hana budi kulirudisha. Nikaelewa ya kuwa malipizi yangu yako Walikale.

Baada ya Pasaka nilifunga safari, sehemu kwa pikipiki na sehemu kwa miguu, maana njia ilikuwa mbaya na watu wenye silaha walikuwa wengi. Kadiri nilivyoshuka, malisho yaliisha, baridi ikapungua, na msitu ukafunga pande zote. Huko mtu hauoni mlima wa moto hata kidogo, ingawa moshi wake hupita juu ya miti. Nilimkuta mama yule kwa kaka yake, akimenya mihogo. Alinipa kiti na maji. Nilimweleza yote: mlima, gesi, mwanga, picha. Alisikiliza hata mwisho, kisha akasema, “Kwa hiyo ilibidi chuma kipande mbinguni ndipo mjue ya kuwa sikuwaloga?”

Sikuwa na jibu. Akaendelea, wala hakupaza sauti, “Ungeniuliza mimi, Mwalimu. Shamba langu liko nyuma ya kilima, na upepo wa mlima haufiki kule. Marehemu mume wangu alilichagua kwa sababu hiyo. Mimi nilijua, lakini hakuna aliyeniuliza.”

Ndugu zangu, neno hilo lilinipata kuliko mafunzo yote ya Goma. Nilimwomba msamaha, naye akanipa. Nilimwomba arudi, naye akakataa. “Mimi sitarudi,” alisema, “ila jina langu lirudi.” Basi Jumapili iliyofuata kurudi kwangu, baada ya Misa, kwa ruhusa ya Padri, nilisimama mbele ya shirika, nikatandaza ramani niliyoichora kwa mkono, nikaeleza mwendo wa moshi, kisha nikalitaja jina lake na kosa letu, nikianza na langu. Wengine walilia. Wengine hawakupenda. Lakini tangu siku ile hakuna aliyefukuzwa katika kijiji chetu kwa sababu ya majani yaliyokauka.

Tangu hapo vita vimewafukuza watu wengi wa Masisi na Walikale katika makao yao, na kila wapatapo hifadhi hujenga upya vibanda vyao na kukinga maji ya mvua kama zamani. Kwa hiyo naona yafaa niseme pia machache yenye faida. Wazazi, siku za moshi mwingi ondoeni mtungi chini ya bati, na mvua ikinyesha baada ya siku hizo, acheni maji ya kwanza yaoshe bati kabla ya kukinga. Maji yenye asidi ya mlima hayaponi kwa kuchemshwa. Kuchemsha huua vijidudu, ambalo ni jambo jema, lakini hakuondoi asidi, wala florini, kitu kingine kitokacho mlimani ambacho kikizidi huharibu meno ya watoto. Mkiwa na chemchemi iliyopimwa, maji yake wapewe wadogo kwanza. Mabati yakishika kutu upesi, msimtafute mchawi, tazameni upepo.

Nanyi wanafunzi, someni hesabu na elimu ya viumbe kwa bidii. Milima ni ya kwetu, na moshi ni wa kwetu, lakini wengi wanaosoma habari zake katika mwanga wakaa Brussels na Marekani. Twawashukuru, tena twahitaji watoto wa Masisi na Walikale wakae pamoja nao mezani, kisha warudi na kueleza kijijini kile walichokiona, maana picha iliyo Ulaya haimtetei mjane aliye kilimani.

Daftari lile la mwaka 2011 ningali nalo. Majina mawili yana alama ya kutokuwapo tangu mwezi wa Desemba hadi mwisho wa mwaka wa shule. Sikuyafuta. Kila mwaka nikifungua daftari jipya hulitazama kwanza la zamani, nikawaombea watoto wale na mama yao, ndipo naanza kuita majina.